Pakiti Zilizopotea Njiani

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani wa skuli yetu, Mji Mkongwe, Unguja)



Katibu aliponiandikia kuniomba niseme maneno mawili matatu katika mkutano huu, aliniambia nichague jambo linalohusu kazi yangu, lakini nisiwachoshe watu kwa hesabu. La kwanza nimelitii. La pili nitajitahidi, ila hesabu chache hazina budi kuingia, kwani bila ya hizo kisa chenyewe hakisimami.

Nakusudia kukuelezeni habari za pakiti zinazopotea katika waya wa kompyuta, na habari za mzee mmoja, mwangalizi wa pampu ya maji huko shamba, ambaye nusura apoteze kazi yake kwa ajili ya pakiti hizo. Jina lake sitalitaja, wala la ofisi iliyohusika, kwa kuwa wote bado tunakutana njiani na kusalimiana. Katika makosa yaliyosababisha mkasa ule, moja lilikuwa langu mwenyewe, nami nitalitaja likifika mahali pake.

Kwanza pakiti ni kitu gani? Wengi wenu mnalijua lile jengo la Extelcoms pale Shangani, ambalo siku hizi ni hoteli. Waya wa simu za maandishi uliopita chini ya bahari ulifika Unguja mwaka 1879, ukitokea Aden, kisha ukaendelea kusini mpaka Msumbiji na Durban. Hata kisiwa cha Bawe, tunachokiona kutoka Forodhani, kilitumiwa na watu wa kampuni ya waya. Sasa, mtu alipopeleka simu ya maandishi, karani alihesabu maneno yake, akaiandika idadi ile juu ya karatasi, nayo ikapelekwa pamoja na ujumbe. Karani wa upande wa pili alihesabu maneno aliyoyapokea. Hesabu mbili zisipolingana, aliuliza: kuna neno limeanguka baharini, tafadhali rudia.

Pakiti ni ujumbe wa namna hiyo hiyo, mdogo, uliotiwa ndani ya bahasha. Mbele imeandikwa anwani ya anayepelekewa na ya anayepeleka. Katikati ndimo ilimo habari yenyewe. Mwisho huwekwa namba ya ukaguzi yenye biti 32, iliyopatikana kwa kuifanyia hesabu pakiti nzima. Anayepokea huifanya hesabu ile ile. Akiona haikulingana, hujua kwamba pakiti imeharibika njiani, na huitupa. Lakini huitupa kimya kimya. Hapa ndipo penye tofauti na karani wa Shangani: itheneti, ambao ndio utaratibu wa waya unaotumika karibu kila mahali duniani, haimuulizi mtu. Kazi ya kugundua kwamba kuna kitu kimepungua imeachiwa programu zilizo juu yake, na kama programu hizo nazo hazikuandikwa kuuliza, basi kilichopotea kimepotea.

Itheneti ina asili ya visiwani, na jambo hili limenifurahisha tangu nilipolisoma. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii kilianza kuunganisha kompyuta zake kwa redio kutoka kisiwa hadi kisiwa, chini ya uongozi wa Norman Abramson. Kila kituo kilisema kilipotaka kusema. Vituo viwili vikisema kwa pamoja, maneno yao yaligongana na kuharibika, basi kila kimoja kilisubiri muda wa kubahatisha na kujaribu tena. Mwaka 1973 Robert Metcalfe, aliyekuwa Xerox huko Palo Alto, California, aliichukua fikra ile, yeye na mwenzake David Boggs, wakaitia katika waya na kuiongezea adabu: kabla hujasema, sikiliza kwanza; na ukisikia mwenzio kaanza nawe umo katika kusema, nyamazeni wote wawili, kisha mmoja ataanza upya. Hiyo si adabu ya baraza ya kahawa? Watu wawili wakianza kusema kwa pamoja, wote hukatiza, hutazamana, kisha mmoja hupewa nafasi.

Baadaye wataalamu waliona kwamba waya una jozi mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, kwa hiyo hapana haja ya kupeana zamu. Kila upande useme wakati wowote na usikie wakati wowote. Namna ile ya zamani ya zamu huitwa dupleksi nusu, na hii ya kusema na kusikia kwa pamoja huitwa dupleksi kamili. Nakuombeni muyashike majina haya mawili. Ndiyo yaliyotaka kumfukuzisha mzee wangu kazi.

Haya, sasa kisa. Mwaka 2014 nilipewa kazi ya kuunganisha kituo kimoja cha pampu, shamba, na ofisi iliyoko mjini. Katika chumba cha pampu kilifungwa kisanduku kisichozidi ukubwa wa kitabu. Ndani yake mna prosesa ndogo, ya aina ile inayotiwa ndani ya mashine kufanya kazi moja maisha yake yote, isiyo na kioo wala vibonye vya kuandikia. Kazi yake ilikuwa kusoma mita ya maji, kina cha tangi na hali ya pampu. Ofisi ilikiuliza kila baada ya sekunde chache, nacho kilijibu kwa pakiti yenye baiti kiasi cha 300. Kisanduku kiliungwa kwa waya na swichi ya mtandao iliyokuwa ukutani, na kutoka hapo habari zilirushwa kwa redio mpaka mjini. Kazi ilikwisha, nikalipwa, na kwa miaka saba sikusikia malalamiko yoyote.

Mwaka 2021 wezi wa waya wa shaba walivamia vituo kadhaa, na ofisi ikaamua kufunga kamera. Pale kituoni zilifungwa tatu, nazo zikachomekwa katika swichi ile ile. Baada ya muda ripoti za ofisi zikaanza kuonesha kwamba pampu inasimama usiku. Mara moja kwa usiku, mara tatu, usiku mwengine mara nane. Ulikuwa msimu wa ukame, watu wanalalamika maji hayatoki, na ofisi inayolalamikiwa hutafuta wa kumlalamikia. Akapatikana mzee. Ikasemwa kwamba pampu ina kelele, naye huizima usiku ili apate kulala. Akapewa barua ya onyo. Tena, ili ushahidi ukamilike, ikaongezwa kamera ya nne kuuelekea mlango wa chumba cha pampu. Na tangu kufungwa kamera ile ya nne, ripoti zikaonesha pampu inasimama mara nyingi zaidi kuliko mwanzo. Mzee akapewa barua ya pili, nayo ilitaja siku ya kufika mbele ya kamati.

Mimi niliitwa kwa jambo dogo tu: nithibitishe kwa maandishi kwamba vyombo ni vizima, ili barua ya tatu isiwe na pingamizi. Karatasi ilikwisha kupigwa chapa, ilibaki sahihi yangu. Nakiri mbele yenu kwamba nilikuwa na kalamu mkononi. Kilichonizuia si busara. Ni kwamba nilitaka kwanza kuitazama ile orodha ya nyakati, na nilipoitazama niliona jambo la ajabu: karibu kila kusimama kulichukua muda ule ule, dakika 10 na sekunde 40 hivi. Mtu anayezima pampu ili alale hulala dakika kumi kamili na kuamka, mara nane kwa usiku? Hata mwenye saa ya kengele hawezi.

Nikauliza programu ya ofisi hufanya nini isipopata jibu kutoka kituoni. Yule kijana aliyeiendesha alifikiri kidogo, akafungua mahali, akanionesha: jibu lisipofika, programu huandika sifuri. Maji sifuri, pampu sifuri. Yaani kile kisichojulikana kiliandikwa kama kwamba kinajulikana. Katika ripoti mstari ulishuka chini kabisa, wa rangi nyekundu, na mkubwa yeyote akiutazama ataona pampu imezimwa.

Jioni ile ile nilikwenda kituoni na mfuko wangu wa vyombo. Mzee alinipokea kwa heshima lakini hakuwa na bashasha, na sikumlaumu, kwa kuwa alijua nimetumwa na nani. Nikamwambia, "Shikamoo mzee wangu, nimekuja kukesha nawe." Akaitikia, akanipa kiti, akachemsha kahawa. Baada ya kimya kirefu akasema, "Mimi, bwana fundi, pampu ikizimika ndipo ninapoamka. Nimeuzoea mlio wake miaka yote hii. Ukikatika tu, usingizi nao umekatika." Kisha akanionesha daftari lake. Kila saa, usiku na mchana, aliandika namba aliyoisoma katika mita ya maji ya bomba kubwa, ile ya mshale na magurudumu ambayo haijui umeme wala kompyuta. Hakuna aliyemwagiza. Ilikuwa desturi tangu kabla kisanduku hakijaletwa, naye hakuona sababu ya kuiacha.

Tulikaa taa ikiwaka, tukalinganisha daftari na ile orodha ya ofisi. Saa ambazo ofisi iliandika pampu ilisimama mara nne au tano, mita ilikuwa imesogea kwa kiasi kile kile cha saa nyengine zote. Maji yalipita. Habari zake tu ndizo zisizofika.

Nadhani kwa mzee hapo kesi ilikwisha. Kwangu ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu ofisi ingeniuliza: kama si yeye, ni nani?

Sisi mafundi wa Unguja tuna washitakiwa wetu wawili wa siku zote, chumvi na umeme. Kuhusu umeme mtanisamehe, maana mtu aliyepitia giza lile la tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, pale waya wetu wa chini ya bahari kutoka bara uliokuwepo tangu 1980 ulipotutupa mkono, hataacha tena kuushuku umeme maisha yake. Nikapima umeme: mzima. Nikaingia kwenye chumvi. Hewa yetu kweli hula vichwa vya waya, ile miguu minane ya dhahabu hubadilika rangi, na mguso ukawa wa kubahatisha. Nikakata vichwa vyote viwili nikatia vipya, kisha nikaubadilisha waya mzima kwa kuwa niliuona una alumini iliyopakwa shaba juu, bidhaa ya hadaa inayouzwa kwa wingi. Usiku ule mapengo yalikuwa mawili tu. Nikajipongeza. Usiku uliofuata yalikuwa tisa. Baadaye nilitambua kwamba usiku wa kwanza kamera mbili zilikuwa zimechomolewa, na niliyezichomoa ni mimi, nilipokuwa nikitafuta nafasi ya kusimamisha ngazi.

Nilijaribu pia kile wanachokijaribu wote: kupeleka pakiti ndogo moja kila sekunde na kungojea irudi. Mchana, mia zilikwenda, mia zilirudi. Jaribio hili limewapoteza mafundi wengi. Ni kama kuijaribu barabara ya Darajani saa kumi za alfajiri kwa baiskeli, kisha ukaandika kwamba haina msongamano.

Hapo nikamkumbuka mwalimu wetu wa fizikia. Wenzangu wa darasa mnaikumbuka ile ada yake: anatuletea waya mrefu wenye viungo kadhaa na taa isiyowaka, na ole wake atakayebadilisha taa kwanza. Ilikuwa upime kiungo baada ya kiungo, useme umeme umefika mpaka hapa na hapa haukufika. Nikaamua kufanya hivyo hivyo kwa pakiti. Swichi ya mtandao huweka hesabu katika kila mlango wake: ngapi zimetoka, ngapi zimeingia, ngapi zilikuwa mbovu. Kisanduku nacho, ndani ya ile sehemu ya prosesa inayoshughulika na itheneti, kina hesabu zake, na juu yake programu yenyewe huhesabu ilichopokea. Ni vituo vitatu. Mtu akipanda daladala Mwanakwerekwe na asionekane Darajani, huulizwa kituo kwa kituo.

Nilizisoma hesabu hizo saa mbili za usiku, kisha saa nane. Katika mlango wa swichi palikuwa na pakiti mbovu zilizoingia kutoka kisandukuni, namba ya ukaguzi haikulingana, nyingine ni vipande tu vilivyokatika. Ndani ya kisanduku namba za ukaguzi zilikuwa safi, lakini palikuwa na hesabu nyengine iliyopanda: migongano iliyochelewa. Mliosoma mambo haya mmeshaijua jawabu. Upande mmoja vipande, upande wa pili migongano iliyochelewa: dupleksi hazikulingana. Swichi ilikuwa dupleksi kamili, na kisanduku dupleksi nusu. Mmoja anafuata adabu ya baraza, na mwenzake anasema tu wakati wowote apendao.

Na hili, ndugu zangu, ndilo kosa langu. Tangu kanuni za itheneti ya biti milioni 100 kwa sekunde zilipotoka mwaka 1995, vyombo viwili vikiunganishwa hupatana vyenyewe: mwendo gani, dupleksi gani. Katika miaka ya mwanzo mapatano hayo yalikuwa yakishindikana mara kwa mara kati ya vyombo vya makampuni mbalimbali, na sisi tuliofunzwa wakati ule tulipewa wasia: usiyaamini mapatano, weka kwa mkono. Basi mwaka 2014 niliuweka mlango wa swichi kwa mkono, milioni 100, dupleksi kamili, nikaona nimefanya kazi ya kiungwana. Kisanduku sikukigusa, kwani hakikuwa na mahali pa kukiwekea. Nilichokisahau ni kwamba upande uliowekwa kwa mkono huacha kutoa ishara za mapatano. Upande wa pili, usiposikia ishara, huweza kuutambua mwendo kwa kuusikiliza waya, lakini dupleksi hauwezi kuitambua, na kanuni inauamuru uchague nusu. Ama ungeweka pande zote mbili kwa mkono, ama uziache zote zipatane. Mimi niliweka mmoja.

Kwa nini basi ilifanya kazi miaka saba? Kwa sababu zamani hapakuwa na mazungumzo. Ofisi inauliza, kisanduku kinajibu, kisha kimya. Hawagongani wasiosema pamoja. Kamera zilipokuja zilitoa picha zao kwa njia ya kutangaza kwa wengi, na swichi ile, ambayo haikuwekwa kuchagua, ilizimwaga picha katika milango yote, pamoja na ule wa kisanduku ambacho hakina macho wala haja ya picha. Pakiti ya baiti 300 huchukua sehemu 25 za milioni ya sekunde kutoka. Pakiti ya picha ikianza kumiminwa ndani ya muda huo, kisanduku huhesabu kwamba kimegongana. Mgongano ukitokea ndani ya baiti 64 za mwanzo, hujaribu tena. Ukitokea baada ya hapo huitwa uliochelewa, na vyombo vingi kama hiki hukata tamaa na kuitupa pakiti ile moja kwa moja. Na usiku picha huwa nzito zaidi, kwa sababu gizani kamera huona chengachenga nyingi, na kila chenga kwake ni habari mpya ya kupelekwa. Ndiyo maana mapengo yalikuwa ya usiku. Ndiyo maana pia kamera ya nne, iliyowekwa kumchunga mzee, ilimzidishia makosa.

Niliurudisha mlango wa swichi katika mapatano. Papo hapo pande zote mbili zikawa dupleksi kamili, na hesabu za vipande na migongano zikasimama pale pale, hazikuongezeka hata moja mpaka asubuhi. Nikarudi mjini nimefurahi. Lakini mapengo ya dakika 10 na sekunde 40 yaliendelea. Yalipungua kidogo, basi.

Nitalieleza kosa la pili kwa ufupi ingawa ndilo lililonila wiki tatu. Prosesa ya namna hii haipokei pakiti moja moja kwa mkono wake. Huweka makapu matupu kwa duara katika kumbukumbu yake, na kitengo maalumu hujaza kapu baada ya kapu chenyewe, huku prosesa ikifanya mambo mengine, kisha hurudi kuyamwaga. Aliyeiandika programu ya kisanduku aliweka makapu manane. Pakiti kubwa ya itheneti katika mwendo ule huchukua sehemu 123 za milioni ya sekunde, kwa hiyo picha zikija mfululizo, makapu manane hujaa kabla haijatimia sehemu moja ya elfu ya sekunde. Na kila mara prosesa ilipokuwa ikiandika kumbukumbu zake katika kadi, ilishughulika kwa muda mrefu zaidi ya huo bila ya kugeuka. Makapu yakajaa. Kupoteza pakiti chache hapo si msiba mkubwa, swali la pili lingefika. Msiba ni kwamba kitengo kile, kikikosa kapu tupu, husimama kabisa na kungojea kuamriwa kianze tena, na mwandishi wa programu hakuandika amri hiyo. Tangu hapo kisanduku ni kiziwi. Hakisikii swali, kwa hiyo hakijibu. Ndani yake mlikuwa na ulinzi: kisiposikia lolote kwa dakika 10, hujizima na kujiwasha upya. Sekunde 40 ni za kuamka.

Nililigundua kwa ile ile hesabu ya vituo: swichi ilisema imetoa, sehemu ya itheneti ilikuwa na hesabu ya pakiti zilizokosa kapu, na programu haikupokea kitu. Dawa zilikuwa tatu. Swichi iliamriwa isizipeleke picha kwa asiyeziomba. Kisanduku kikawekwa kichujio kinachokataa matangazo yasiyokihusu. Na programu ikaandikwa upya kwa makapu 64 na ile amri ya kuanza tena. Juu ya hayo niliomba mambo mawili yasiyokuwa katika mkataba: kila jibu liwe na namba yake ya mfululizo, ili ofisi ijue 41 imefika na 43 imefika na 42 imepotea, na programu ya ofisi ikikosa jibu iache pengo jeupe, isiandike sifuri. Hilo la pengo jeupe ndilo lililobishaniwa zaidi kuliko yote. Mkubwa mmoja alisema ripoti yenye mapengo inaonekana mbaya. Nikamjibu kwamba ni mbaya kweli, lakini si ya uongo.

Kabla ya hayo yote niliirudisha ile karatasi bila ya sahihi, nikaambatisha kurasa za daftari la mzee na orodha ya mapengo, na maelezo ya ukurasa mmoja ambamo niliandika wazi kwamba mlango wa swichi niliuweka vibaya mimi. Kamati ilikutana bila ya kumwita. Barua mbili za onyo zilifutwa kwa barua ya tatu, yenye mistari miwili, isiyokuwa na neno la samahani. Nilimpelekea mwenyewe kwa mkono. Aliisoma, akaikunja, akaitia ndani ya daftari, akaniuliza kama kahawa nakunywa na sukari au bila ya sukari.

Kamera zote nne bado zipo. Mzee naye yupo, na bado anaandika namba za mita kila saa. Miezi michache iliyopita alinipigia simu kuniambia kwamba kwa juma zima namba yake na ya kisanduku zinapishana kwa moja. Nilikwenda kutazama. Kisanduku kilikuwa kikikata desimali badala ya kuikaribisha, nami nimeahidi kwenda kukirekebisha baada ya mkutano huu, Inshaallah.